Dawa Isiyo na Muuzaji

Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ya Arusha, pamoja na wenzao wa Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwenye mashamba ya maharage kaskazini mwa Tanzania. Walichukua mimea ambayo mkulima yeyote wa huko anaijua kwa sura: utupa, alizeti pori, kishona nguo, lantana na mingine inayoota yenyewe pembezoni mwa shamba. Wakakausha majani kivulini, wakayasaga, wakaloweka unga wake katika maji yenye sabuni kidogo, wakachuja, wakanyunyiza. Vipande vingine vya shamba vikapewa dawa ya dukani yenye kiambato cha lambda-sihalothrini, na vingine vikaachwa bila dawa yoyote ili pawe na cha kulinganishia. Msimu ulipokwisha, mavuno ya maharage yaliyopata maji ya mimea yalilingana na ya yale yaliyopata dawa ya kiwandani. Tofauti ilijitokeza kwingine. Buibui, pamoja na wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi ambao chakula chao ni vidukari, walisalia kwa wingi zaidi kwenye maharage ya dawa ya mimea. Mkulima alipata mavuno yale yale na akabaki na walinzi wake shambani.

Hayo ni matokeo makubwa, na hayakubaki peke yake. Mwaka 2020 watafiti wa taasisi hiyo hiyo walionyesha kwamba maji ya mimea hii huyafanya maharage yenyewe kustawi na kuzaa zaidi, mbali na kazi ya kuwaangusha wadudu. Hata hivyo, mkulima anayeingia mjini leo na malalamiko ya vidukari ana bahati kubwa akipata mbegu ya utupa iliyothibitishwa, au karatasi inayomweleza aweke unga kiasi gani kwenye maji kiasi gani, anyunyize saa ngapi na asubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Atakachopata ni chupa. Ninachotaka kusema ni kwamba pengo hilo halikuletwa na udhaifu wa mimea. Limeletwa na jambo la kiuchumi lililo wazi kabisa: jani linaloota bure kwenye mpaka wa shamba halina mtu anayepata faida kwa kulieleza. Maarifa ya aina hiyo yasipobebwa kwa fedha ya umma, hayabebwi na mtu, na kwa miaka mingi serikali zetu zimekaa zikisubiri soko lifanye kazi ambayo soko haliwezi kuifanya.

Tazama namna mkulima mdogo anavyojifunza habari za dawa. Kwa wengi, mwalimu wa karibu si bwana shamba, ambaye kata nzima inamgombania na pikipiki yake haina mafuta. Mwalimu ni muuza duka la pembejeo. Mkulima anaeleza mdudu kwa mikono, au anatoa jani lililotobolewa mfukoni, na muuzaji anageuka kwenye rafu na kumshushia kopo. Simlaumu muuzaji. Ana katoni za kumaliza kabla ya tarehe iliyoandikwa ubavuni, ana mkopo, na mara nyingi anajua kuhusu bidhaa zake kuliko afisa yeyote aliye karibu. Nyuma yake wapo watu wa kampuni wanaopanda mashamba ya maonyesho kando ya barabara, wanaogawa fulana na kofia, wanaonunua muda wa redio wakati wa kupanda. Elimu hiyo yote si ya bure. Imo ndani ya bei ya chupa, na mkulima huilipia kila anaponunua. Utupa hauna chupa, hauna fulana wala tangazo. Hakuna aliyeketi akapanga kuuficha, ila hakuna pia aliyelipwa ili aufundishe.

Kama kuna anayedhani kwamba tatizo ni mimea yenyewe, ushahidi wa kumjibu uko hapa hapa nyumbani, nao ni pareto. Zao hili lililotoka pwani ya Dalmatia lilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Vita Kuu ya Pili ilipoyakatia mataifa ya Magharibi maua kutoka Japani, nyanda za juu za Kenya zikawa tegemeo la dunia, na kwa miongo kadhaa nchi hiyo iliongoza wazalishaji wote. Tanzania nayo hulima pareto katika baridi ya Iringa, Njombe na Mbeya, na maua hukamuliwa kiwandani Mafinga. Sasa angalia ni mambo mangapi yanayojulikana kuhusu ua hilo. Inajulikana lichumwe likiwa limefunguka kiasi gani, likaushwe kwa joto gani, lina asilimia ngapi ya sumu yake. Na bei huenda na kiwango hicho kinachopimwa maabara. Wanakemia waliifungua sumu ya pareto hadi wakajua inavyovuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, na mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakatangaza permethrini, nakala ya kiwandani iliyobuniwa kwa kuiga sumu hiyo lakini isiyoharibiwa haraka na jua. Kutoka hapo ukazaliwa ukoo mzima wa dawa, na lambda-sihalothrini ni mmoja wa wajukuu wake. Kwa hiyo katika yale majaribio ya maharage mimea ilikuwa pande zote mbili: upande mmoja ilikuja kwa njia ya majani, upande wa pili kwa njia ya sumu iliyonakiliwa kutoka kwenye ua. Anayesema kwamba mmea hauui mdudu akumbuke kilichomo ndani ya bomba lake.

Pareto ilipata sayansi hiyo kwa sababu ilipata mnunuzi. Na hata hapo, mnunuzi alikuwa mbali: sehemu kubwa ya kinachokamuliwa huvuka bahari kwenda kutengeneza dawa za kunyunyizia majumbani na za wakulima wa kilimo hai katika nchi tajiri, huku mkulima aliyelichuma ua akirudi dukani kununua dawa iliyoagizwa kutoka nje. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini linatufundisha kwamba mmea wa dawa ukishughulikiwa kwa makini yanayostahili dawa, unatoa matokeo ambayo mtu anaweza kuyategemea mwaka hadi mwaka. Swali linalobaki ni nani atautendea hivyo mmea ambao hautasafirishwa popote.

Chukua utupa wenyewe. Ni kichaka cha jamii ya kunde, hurutubisha udongo, na majani yake yana sumu za kundi la rotenoni ambazo huzuia chembe hai za mdudu kutumia oksijeni. Wavuvi waliijua nguvu yake tangu zamani, kwani ndiyo waliyoitumia kulewesha samaki kabla sheria haijakataza. Wataalamu wakaupendekeza kwa wakulima, mashirika yakagawa mbegu, na watu wakapanda. Kisha mwaka 2012 kundi la watafiti lililoongozwa na Philip Stevenson likatoa taarifa kuhusu utupa uliokusanywa kutoka maeneo 13 ya Malawi. Karibu robo ya mimea ile haikuwa na sumu inayotakiwa. Ulikuwa utupa kweli, kwa jina na kwa ukoo, unaofaa kabisa kurutubisha udongo, lakini kemia yake ilikuwa ya aina nyingine, na kwa mdudu haukuwa na maana yoyote.

Ningependa tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo mjadala wote unapopotelea. Fikiria wakulima wawili waliopewa mbegu kutoka mikono tofauti. Wote wameambiwa utupa unaua vidukari. Wote wamekausha, wamesaga, wameloweka usiku kucha. Wa kwanza anaona vidukari vimeisha na anamsimulia jirani. Wa pili anaona vidukari vinazidi, maua ya maharage yanapukutika, na wiki hiyo hiyo anakimbilia duka la pembejeo akiapa kwamba dawa za kienyeji ni upuuzi. Kila mmoja wao anasema kweli. Mwaka unaofuata afisa ugani anayesikia hadithi hizo mbili zinazopingana hufanya jambo la busara kwa upande wake, yaani kunyamaza, na mmea unabaki na sifa ya mambo ya kubahatisha. Hakuna mwenye duka anayeweza kuuza dawa ambayo robo ya makopo yake ni maji matupu akaachwa bila kuulizwa. Kwa utupa hakuna wa kuulizwa, kwa sababu hakuna mamlaka iliyowahi kuahidi kwamba mbegu hii ni ya aina inayoua. Na dawa ya tatizo lenyewe si ngumu. Maabara zenye uwezo wa kutambua aina ya utupa zipo, zikiwemo za nchini mwetu. Kupima mimea mama michache kila wilaya, kung'oa isiyofaa na kuzidisha inayofaa ni kazi ndogo kuliko ile ambayo taifa limeshaifanya kwa ajili ya korosho, mihogo na migomba.

Hata jambo dogo kama sabuni linaonyesha hivyo hivyo. Sumu ya utupa haiyeyuki vizuri katika maji matupu. Sabuni kidogo huisaidia kutoka kwenye jani na kushika kwenye mmea unaonyunyiziwa. Mkulima aliyeloweka bila sabuni amefanya kazi yote na kuacha sehemu kubwa ya dawa kwenye makapi anayoyamwaga. Hilo ni jambo la sentensi moja kwenye redio, na mtu anaweza kulima miaka ishirini asilisikie.

Mwarobaini una kisa kinachofanana. Mwanasayansi wa Kijerumani Heinrich Schmutterer alikuwa Sudan mwaka 1959 nzige walipokumba eneo alilokuwapo, na aliona walivyomaliza majani ya kila kitu wakaiacha miarobaini ikiwa ya kijani. Uchunguzi uliofuata ukaifikia azadirakhtini, sumu yenye umbo tata kiasi kwamba maabara ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilihitaji miaka 22 mpaka ikaweza kuiunda kwa mkono wa binadamu, mwaka 2007. Mti ulio nyuma ya nyumba nyingi kuanzia Mombasa hadi Mtwara na Dodoma huiunda kila mwaka bila kuombwa. Lakini waulize watu wanavyotengeneza dawa ya mwarobaini, na wengi watakujibu kwamba wanachuma majani na kuyachemsha. Sumu hiyo imejaa kwenye mbegu, si kwenye majani, na moto huiharibu. Njia iliyozoeleka katika vitabu vya kilimo ni kuchukua viini vya mbegu zilizokauka vizuri bila ukungu, kuvitwanga, kuloweka gramu 50 kwa kila lita ya maji usiku kucha, kuchuja, kuongeza sabuni kidogo na kunyunyiza jioni, kwa maana jua la mchana huivunja dawa. Tena haiui papo hapo. Kiwavi aliyeila huacha kula, kisha hushindwa kujivua ngozi, na hufa siku kadhaa baadaye. Mkulima ambaye hakuambiwa hivyo huamka asubuhi, huwaona viwavi wangali hai juu ya kabichi, na huhitimisha kwamba amepoteza muda. Kumbe shambulio limeshakoma. Kinachotakiwa ni kutazama jani, si mdudu.

Pingamizi la kwanza ninaloliheshimu ni la kazi. Tupige hesabu bila kupunja. Majaribio ya maharage yalitumia unga wa majani asilimia 10, yaani kilo moja kwa lita 10 za maji. Bomba la mgongoni la lita 20 linataka kilo 2 za unga mkavu. Mtu anayemaliza mabomba manne au matano kwa eka moja anahitaji kilo 8 hadi 10 kwa mpulizo mmoja, na mpulizo mmoja hautoshi msimu mzima. Majani hayo yachumwe, yabebwe, yaanikwe, yatwangwe. Tunajua ni nani nyumbani atakayetwanga. Anayesema kwamba dawa za mimea ni za bure anazisahau saa za mama huyo, na sitaki kuzisahau. Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Chupa inahitaji fedha taslimu, na inaihitaji katika miezi ambayo fedha haipo, kabla ya mavuno. Ndiyo maana watafiti walipopima gharama na mavuno waliona kwamba njia ya mimea inalipa. Uzio wa utupa uliopandwa kwenye mpaka unaondoa safari ya kutafuta majani porini. Mashine ya kusaga ya kijiji inaondoa kutwanga. Na utafiti wa kupunguza kipimo bila kupunguza nguvu, ambao ukifanikiwa ungepunguza mzigo kwa kiasi kikubwa, ni aina ya utafiti ambao kampuni haiwezi kuugharamia kwa sababu hakuna itakachouza mwishoni. Nakubali kwamba mwenye eka 100 za mahindi hatalima kwa njia hii. Ila sehemu kubwa ya maharage na mboga tunazokula hutoka kwenye vipande vya eka moja au pungufu, na mwenye kipande hicho ndiye ninayemzungumzia.

Pingamizi la pili linatoka upande wa watu wanaozipenda dawa hizi kupita kiasi, na madhara yake ni makubwa zaidi. Wanasema kitu cha asili hakidhuru. Si kweli, na kulisema ni hatari. Nikotini ya tumbaku ni sumu kali kwa binadamu, hupenya kwenye ngozi, na maji ya tumbaku yanayotengenezwa jikoni yanaweza kumlaza mtu hospitali. Isitoshe, tumbaku inaweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya zile zile unazotaka kuziokoa. Rotenoni, ndugu wa sumu ya utupa, ilipodungwa kwa panya wa maabara katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 iliwaletea dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson, na Umoja wa Ulaya umeiondoa katika dawa zinazoruhusiwa mashambani. Samaki hufa kwa kiasi kidogo sana. Pareto haiwaachi nyuki. Kwa hiyo glavu, kufunika pua na mdomo, kutotumia sufuria ya kupikia, kutoosha bomba mtoni, kunyunyiza jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na kusubiri siku kadhaa kabla ya kuchuma mboga, yote haya yanahusu dawa ya mimea sawa na ya dukani. Faida yake kubwa ni kwamba nyingi huvunjwa na jua na hewa ndani ya siku chache, tofauti na dawa ya kiwandani ya endosalfani, iliyokaa katika udongo na miili ya viumbe mpaka nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zikakubaliana mwaka 2011 kuiondoa duniani. Lakini faida hiyo haihalalishi uzembe. Pingamizi hili halivunji hoja yangu, linaikaza. Ikiwa majani haya ni dawa kweli, basi kuyaacha yasambae kwa tetesi, bila kipimo na bila tahadhari, ni kosa la kiafya. Watu tayari wanayatumia. Kunyamaza kwa wataalamu hakuwazuii. Kunawaacha wajifunze kwa kujaribu, na wanaojaribiwa ni wao na watoto wao.

Wapo pia wanaouliza kama huu ni wakati wa kurudi kwenye majani ilhali viwavijeshi vamizi, walioingia Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata, wanamaliza mahindi, na kantangaze, nondo mdogo wa nyanya aliyeonekana Tanzania mwaka 2014, amewafukuza watu katika kilimo cha nyanya. Nawaomba wamtazame kantangaze vizuri. Alikotoka, Amerika Kusini, na huko Ulaya alikopitia, amejulikana kwa usugu dhidi ya dawa nyingi za kiwandani, zikiwemo za ule ukoo wa pareto ya kunakiliwa. Mkulima wa nyanya anaongeza kipimo, kisha anachanganya dawa mbili katika bomba moja, kisha tatu, na mdudu yungali ndani ya jani anakula. Sumu moja inayopigwa juu ya kizazi kimoja hadi kingine huwachuja wadudu mpaka wanabaki wale wasiokufa nayo. Maji ya mmea hubeba mchanganyiko wa sumu kadhaa kwa pamoja, na hilo humwekea mdudu kizingiti kigumu zaidi. Sisemi kwamba mwarobaini peke yake utamwondoa kantangaze, wala kwamba kiwavijeshi mkubwa aliyejificha ndani ya kitovu cha muhindi atafikiwa na maji ya utupa. Hata dawa kali za dukani hazimfikii huyo. Kinachowezekana ni kuwawahi wadudu wangali wachanga, kwa dawa inayowabakiza buibui, nyigu na siafu waendelee na kazi yao, na kuiweka ile chupa kali kwa siku ambayo hakuna njia nyingine. Kwa sasa tunaanza na chupa kali na tunamalizia na chupa kali.

Kuna hoja ya mwisho, ya wanauchumi, kwamba kitu chenye manufaa ya kweli kingeshapata mfanyabiashara. Historia ya mwarobaini inajibu vizuri kuliko nadharia. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya Marekani ya W. R. Grace, kwa pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, hataza juu ya matumizi ya mafuta ya mwarobaini dhidi ya ukungu wa mimea. Watu wa India na marafiki zao wa Ulaya waliipinga kwa kuonyesha kwamba maarifa hayo yalikuwa yakitumika tangu zamani. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Mfanyabiashara, basi, alikuja. Alikuja kwa njia pekee ambayo biashara inaijua, yaani kwanza kukifanya kitu kiwe na mwenyewe. Zipo dawa za mwarobaini zinazouzwa kihalali, zimepimwa, na mwenye uwezo wa kuzinunua azinunue. Lakini mbegu zilizoanguka chini ya mti uani kwa mtu hazitageuka bidhaa, na hakuna sababu ya kuzigeuza.

Sheria zetu za viuatilifu nazo zimejengwa kwa ajili ya chupa: kuna mwombaji, kuna lebo, kuna ada, kuna cheti cha usajili. Ni sheria nzuri kwa bidhaa zinazouzwa, na sipendekezi zilegezwe ili kila mtu afunge maji ya pilipili na kitunguu saumu kwenye chupa za soda na kuyaita dawa. Bidhaa ya kuuzwa ipimwe. Lakini mkulima anayejitengenezea dawa kwa majani ya shambani kwake si mwombaji wa usajili, na mfumo unaojua kuongea na waombaji tu hauna neno la kumwambia. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inaweza kutoa mwongozo wa aina nyingine, usiohitaji mwombaji: mimea michache iliyochunguzwa vya kutosha, sehemu ya mmea inayotumika, kipimo, mdudu anayehusika, zao linaloruhusiwa, siku za kusubiri, na mimea ambayo watu waiache kabisa, tumbaku ikitangulia.

Mwongozo huo usiwe kitabu kinene cha Kiingereza kinachobaki Dodoma. Uwe karatasi ya Kiswahili ya kubandikwa kwenye ofisi ya kata na kwenye mlango wa duka la pembejeo lenyewe, na maneno yake yasomwe redioni wiki ambazo maharage yanatoa maua. Kituo cha utafiti cha Selian, ambacho kimeshughulika na maharage kwa miaka mingi, kiko Arusha, mji ule ule wenye taasisi iliyofanya majaribio niliyoanza nayo. Umbali kati yao si kisingizio. TOSCI, inayothibitisha ubora wa mbegu za mahindi na maharage, ipewe jukumu na bajeti ya kuthibitisha mbegu ya utupa yenye sumu inayotakiwa, na vituo vya mafunzo kwa wakulima viwe na vitalu mama. Maafisa ugani wapimwe pia kwa wakulima waliowafundisha kutambua wadudu rafiki, si kwa pembejeo zilizogawiwa peke yake. Fedha inayohitajika ni ndogo ukilinganisha na tunayotumia kila msimu kuagiza sumu kutoka nje. Na kwa kuwa uzio wa utupa lazima upandwe mvua zikiwapo na upewe muda wa kukua kabla ya kuchumwa, bajeti itakayopitishwa baada ya wadudu kuingia shambani itakuwa imechelewa kwa mwaka mzima.